Uanze na Ipi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gemu ya Kwanza Katika Mfululizo wa RPG za Fantasia

Mtu akiuliza aanze na gemu ipi katika mfululizo mrefu wa RPG, yaani gemu za kuigiza mhusika anayekua kadiri unavyocheza, hupewa majibu mawili. Mmoja atamwambia aanze namba moja na apande hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Mwingine atamwambia aende moja kwa moja kwenye mpya, za zamani zimepitwa na wakati. Yote mawili hutolewa haraka mno, kwa sababu hayamwangalii anayeuliza wala hayauchunguzi mfululizo wenyewe. Anayelazimishwa kuanza namba moja mara nyingi huiacha njiani na kusema mfululizo mzima haumfai. Anayerukia ya mwisho hufurahia, lakini akitaka kurudi kwenye zile za mwanzo anakuta hawezi tena kuzishika.

Msimamo wangu ni huu: rudi nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, na usirudi zaidi ya hapo. Kila toleo jipya la mfululizo huondoa usumbufu fulani uliokuwa kwenye la awali, na mkono ukishazoea raha hukataa kurudi kwenye taabu. Kwenda mbele ni rahisi siku zote. Kwa hiyo ukianza na ya zamani unayoimudu, zilizobaki zinakusubiri na kila moja itakuwa nyepesi kuliko iliyotangulia. Ukianza na usiyoimudu, umezipoteza zote. Hatua zilizo hapa chini ni za kukusaidia kujua mpaka wako uko wapi.

Hatua ya kwanza: chunguza hadithi zimefungamana kiasi gani

Swali hili litangulie, maana likijibiwa vizuri, nusu ya maswali mengine hujijibu. Gemu kuitwa jina moja na kupewa namba hakuna maana kwamba hadithi inaendelea.

Final Fantasy ndiyo mfano mkubwa. Ya kwanza ilitoka 1987, ya XVI ikatoka 2023, na kila yenye namba ina dunia yake, mashujaa wake na ugomvi wake. Kinachorudi ni vitu vya ukoo: ndege wa kupandwa waitwao chocobo, viumbe vidogo vya moogle, fuwele, majina ya uchawi, na mtu aitwaye Cid ambaye kila mara ni mtu mwingine. Anayeanza na IX hajakosa chochote cha VIII. Angalia tu zile zenye namba ya nyongeza: X-2 inaendeleza X, na XIII-2 inaendeleza XIII, hivyo usizitangulize. XI na XIV ni za mtandaoni, za kuchezwa na watu wengine kwa miezi na miaka. Ziweke kando kama unatafuta gemu ya kukaa nayo peke yako hadi mwisho.

The Elder Scrolls ni dunia moja yenye mashujaa tofauti. Kuanzia Morrowind, kila gemu kubwa ina jimbo lake na mhusika unayemuunda mwenyewe, na Skyrim inatokea miaka 200 baada ya Oblivion. Ndani ya Skyrim kuna vitabu vinavyosimulia mambo yaliyotokea Oblivion. Aliyeyapitia atatabasamu, asiyeyapitia atasoma kama historia ya nchi, na hakuna anayeachwa nje. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 iko hivyo pia. Inatokea zaidi ya karne moja baada ya zile mbili za 1998 na 2000, na ingawa Jaheira na Minsc, wahusika wa zile za zamani, wanarudi, unatambulishwa kwao upya.

Dragon Age iko katikati, na hapo ndipo watu hukosea. Origins (2009), II (2011), Inquisition (2014) na The Veilguard (2024) kila moja ina shujaa mpya, lakini watu na matokeo ya maamuzi hutembea kutoka gemu moja hadi nyingine. Kati ya Inquisition na Veilguard uzi umekazwa sana. Nyongeza ya Trespasser ya mwaka 2015 ndiyo mwisho halisi wa Inquisition, na ndiyo inayoandaa njia ya Veilguard. Anayeanza na Veilguard anamkuta Solas, mwenza wa safari ya Inquisition, katikati ya jambo ambalo hakuliona likianza, na uchungu wa wenzake hauwezi kumgusa ipasavyo. Veilguard ni laini kuliko zote mikononi, lakini kwa anayejali hadithi ni mahali pabaya pa kuanzia.

Upande wa pili kabisa uko mfululizo wa Trails. Hiyo ni kama riwaya moja ndefu iliyokatwa vipande. Trails in the Sky ya mwaka 2004 inaishia pale pale mambo yanapochemka, na ya pili inaendelea kutoka hapo. Watu na siri zao wanarudi tena katika gemu zilizofuata za Zero, Azure na Cold Steel. Hapa sina mjadala na mtu: anza na Sky ya kwanza. Mwaka 2025 ilijengwa upya kabisa, kwa hiyo hata kisingizio cha uzee kimeondoka.

Unawezaje kujua haya yote bila kuharibiwa utamu? Angalia mambo mawili tu. La kwanza, shujaa. Kama ni yule yule mwenye jina na uso wake, hadithi inaendelea. Kama unamuunda mwenyewe kila mara, uzi kwa kawaida umelegea. La pili, angalia kama gemu inakubali faili la sevu (kumbukumbu ya ulipofika na ulichoamua) la gemu iliyotangulia. Watengenezaji hawajisumbui kuweka kitu hicho pale ambapo yaliyopita hayana uzito.

Kumbuka pia kwamba mpangilio wa namba si lazima uwe mpangilio wa matukio. Dragon Quest III ya mwaka 1988 inatokea kabla ya I na II. Ilipojengwa upya mwaka 2024 kwa mtindo wa HD-2D (wahusika wa michoro bapa ya kizamani ndani ya mandhari ya kisasa), ikatolewa yenyewe kwanza, halafu I na II zikafuata pamoja mwaka 2025. Kwa matoleo hayo mapya ningekushauri ufuate utaratibu wa kutoka kwake: III kwanza.

Hatua ya pili: uliza mashine yako

Hili ni fupi lakini linaua ndoto nyingi. The Witcher ya kwanza haikuwahi kutoka kwenye konsoli yoyote, na ya pili haikufika PlayStation kamwe. Mwenye PlayStation hana la kuchagua, ya tatu ndiyo yake. Dragon Age: Origins haikuletwa PS4 wala PS5, ila mwenye Xbox ya sasa anaweza kuicheza kwa sababu konsoli hiyo inasoma gemu za Xbox 360.

Kwa mwenye kompyuta dhaifu, uzee wa gemu ni neema. Morrowind, Origins na Baldur's Gate mbili za mwanzo zinakwenda kwenye kompyuta mpakato isiyo na kadi ya michoro ya maana, wakati Baldur's Gate 3 peke yake inadai nafasi ya GB 150 na diski ya SSD. Na kama ulichonacho ni simu tu, usikate tamaa. Baldur's Gate mbili za mwanzo zipo kwenye simu, na Final Fantasy I hadi VI pia, kwenye matoleo ya Pixel Remaster.

Hatua ya tatu: pima mikono yako

Watu hudhani kinachowashinda kwenye gemu za zamani ni michoro. Mara chache. Jicho huzoea sura mbaya ndani ya saa moja. Kinachomshinda mtu ni namna gemu inavyomtendea: inamwambia nini, inamficha nini, inamwadhibu kwa lipi.

Chukua Morrowind ya mwaka 2002. Unashuka kwenye meli Seyda Neen, unapewa karatasi na maagizo ya kwenda mji wa Balmora kumtafuta mtu aitwaye Caius Cosades. Hakuna mshale juu ya skrini wa kukuonyesha njia. Unasoma shajara yako, unauliza watu, unafuata vibao barabarani, au unalipa nauli upande mdudu mkubwa wa usafiri. Ukiamua kutembea, utakimbia kwa sababu kila mtu hukimbia. Kukimbia kunakula mstari wa kijani wa nguvu za mwili. Kisha anatokea kaa wa matopeni, unachomoa kisu, unampiga, na kisu kinapita mwilini mwake bila kumdhuru. Unapiga tena, hakuna kitu. Gemu inarusha dadu kimyakimya kila unapopiga, na kinachohesabiwa ni ujuzi wako wa silaha hiyo pamoja na nguvu zilizobaki. Umefika umechoka, na kisu hukukisomea. Gemu haikukwambia.

Mwingine akipita hapo ataifuta gemu. Mwingine atashika tama, atafungua ukurasa wa ujuzi wake, ataelewa, na kuanzia hapo atatembea taratibu kabla ya kila vita na kuchagua silaha aliyoisomea. Huyo wa pili ndiye Morrowind ilitengenezwa kwa ajili yake, na atapewa dunia ambayo hakuna gemu nyingine ya mfululizo ule iliyomtajirishia mchezaji kiasi kile. Wewe ni yupi? Jibu kwa ukweli, wala hakuna jibu la aibu. Kama wewe ni wa kwanza, Skyrim ya mwaka 2011 ndiyo yako. Alama ziko kwenye ramani, upanga ukigusa umegusa, na ukikosea njia unajikuta kwenye jambo lingine zuri. Oblivion ya 2006 inakaa katikati, ila ina kasoro yake: maadui wanapanda levo (kiwango cha nguvu) pamoja nawe, mpaka majambazi wa barabarani wanavaa mavazi ya kivita ya kifahari. Toleo lake jipya la Aprili 2025 lilirekebisha jinsi unavyopanda levo na kuipa sura mpya. Ukitaka kuanza na Oblivion, chukua hilo, mradi mashine yako iwe na nguvu. Arena ya 1994 na Daggerfall ya 1996 zinapatikana bure kihalali kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Zionje baadaye kwa kupenda historia, usianze nazo.

Kwenye Dark Souls mambo yanageuka. Katika ile ya mwaka 2011 huwezi kusafiri kwa kupotea na kuibukia kwenye moto mwingine wa kupumzikia mpaka ufike mbali sana ndani ya gemu. Kabla ya hapo unatembea kwa miguu, na kutembea huko ndiko kunakokufanya uijue dunia ile kila kona na kila njia ya mkato. Ya II na ya III zinakuruhusu kusafiri hivyo tangu mwanzo. Aliyeanza na ya III akirudi kwenye ya kwanza huona anadhulumiwa. Aliyeanza na ya kwanza haoni kilichokosekana. Zaidi ya hayo, ya III inarudia mahali na majina ya ile ya kwanza, na mshtuko wa kupafikia ni wa yule tu aliyewahi kupita. Kwa hiyo anza na Dark Souls Remastered ya 2018, hata kama wenzako wote wako kwenye ya III.

Namna ya mapigano nayo ipe uzito. Final Fantasy X ya 2001 ni ya zamu tupu: unaona nani anafuata kupiga, unafikiri mpaka uridhike, ndipo unachagua. XVI ni ya vidole vya haraka. Mtu anayependa moja anaweza kuichukia nyingine kabisa, ingawa jina ni moja. Kwa anayetaka kutulia na kufikiri, X au IX. Kwa anayetaka kurukaruka na upanga, XVI. Kuhusu VII, matoleo ya Remake (2020) na Rebirth (2024) ni sehemu mbili za hadithi ya ile ya 1997 iliyosimuliwa upya kwa njia inayocheza na kumbukumbu za anayeijua. Cheza ya 1997 kwanza. Matoleo yake ya sasa yana kitufe cha kuongeza kasi, kinachoondoa uchovu wote wa kusubiri.

Mfano mzima: The Witcher

Mfululizo huu ndio ninaoulizwa sana, kwa hiyo tuupitishe kwenye hatua zote. Shujaa ni Geralt, mwindaji wa mazimwi, katika gemu zote tatu: 2007, 2011 na 2015. Sevu inahamishika kwenye kompyuta. Kwa kanuni ya kwanza, ungesema lazima uanze mwanzo.

Ngoja kwanza. Ya tatu inamhusu Ciri, binti wa kulea wa Geralt, na Yennefer, mpenzi wake, na hao wametoka kwenye vitabu vya Andrzej Sapkowski. Katika gemu mbili za mwanzo Geralt amepoteza kumbukumbu na wanawake hawa wawili hawapo. Aliyezimaliza gemu zote mbili bado anakutana nao kwa mara ya kwanza katika ya tatu. Kilichofungamana sana na ya tatu ni vitabu, kuliko gemu. Hapo uzito wa kuanza mwanzo unapungua.

Mikono sasa. Ya kwanza ina mapigano ya kubofya kwa mpigo, yenye mitindo mitatu: wa nguvu, wa kasi, na wa kundi. Sura ya pili yake inakutembeza kati ya mji na kinamasi mpaka uchoke. Ya pili ni fupi na ni nzuri mno, na ina jambo ambalo gemu chache zimethubutu: baada ya sura ya kwanza unachagua kwenda na Roche, kamanda wa kikosi maalumu, au Iorveth, kiongozi wa waasi, na sura nzima inayofuata inakuwa nyingine, upande mwingine wa vita.

Ushauri wangu kwa mwenye kompyuta: anza na ya pili. Kwa mwenye PlayStation, au mwenye muda wa gemu moja tu: anza na ya tatu bila hofu. Unapofungua gemu mpya, utaulizwa kama unataka kuigiza sevu ya Witcher 2. Kubali. Baadaye, katika kasri la Vizima, Geralt akiwa ananyolewa ndevu, ofisa aitwaye Morvran Voorhis atamhoji kuhusu yaliyopita, na majibu yako yatakuwa ndiyo historia ya dunia yako. Soma muhtasari wa gemu ya pili kabla ya mahojiano hayo, ili ujibu kama mtu aliyekuwepo. Ya kwanza iache, isipokuwa umeupenda mfululizo kiasi cha kutaka kujua ulipotokea.

Hatua ya nne: muda

Hadithi kuu pekee ya Witcher 3 inakula takriban saa 50, na ukifuata kila kitu zinapita 150. Mwenye saa chache kwa wiki akianza nayo atakaa nayo miezi. Hilo si baya kama ni gemu moja. Lakini ukipanga kupitia mfululizo mzima kwa utaratibu, anza na fupi, ili ujue kama unaipenda dunia hiyo kabla hujaikabidhi mwaka wako.

Hatua ya tano: jaribu mpaka mahali panapofaa

Usiihukumu RPG kwa nusu saa, wala usijilazimishe saa 20 ukitumaini itabadilika. Kila gemu ina mahali ambapo imeshakuonyesha ilivyo. Skyrim, ni baada ya joka la kwanza karibu na Whiterun. Witcher 3, ni ukimaliza eneo dogo la White Orchard. Origins, ni ukifika Lothering. Final Fantasy VII ya zamani, ni unapotoka nje ya Midgar na kuona ramani ya dunia kwa mara ya kwanza. Dark Souls, ni ukigonga kengele ya kwanza. Ukifika hapo na bado hutamani kurudi kesho, hiyo si yako. Sogea toleo moja mbele ujaribu tena.

Inquisition naitaja peke yake kwa sababu imewaponza wengi. Eneo lake la kwanza, Hinterlands, ni kubwa na limejaa kazi ndogondogo. Wachezaji hukaa humo wakidhani lazima wamalize yote, wanachoka, wanaondoka kabisa. Toka Hinterlands mapema, mara tu gemu inapokuruhusu kusukuma hadithi mbele. Utarudi baadaye ukiwa na nguvu zaidi.

Wakati wa kujaribu, shusha ugumu ukihitaji. Baldur's Gate ya kwanza inafuata kanuni za zamani za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ambazo mchawi wa levo ya kwanza anaweza kufa kwa pigo moja la mbwa mwitu. Toleo lake la Enhanced Edition lina kiwango cha hadithi ambacho mtu hafi. Kitumie mpaka uzielewe kanuni, kisha upandishe.

Ukishachagua

Kama umeruka gemu za nyuma, tafuta muhtasari mmoja wa matukio makuu na uishie hapo. Kwa Inquisition, tumia tovuti ya Dragon Age Keep, inayokupitisha kwenye maamuzi ya Origins na II kisha inayapeleka ndani ya gemu. Veilguard haiitumii hiyo. Yenyewe inakuuliza mambo machache tu ya Inquisition unapomuunda mhusika.

Usicheze mbili mfululizo za dunia moja bila kupumzika, hasa kubwa. Weka kati yao gemu fupi ya aina nyingine kabisa. Na kabla hujaifuta gemu uliyoimaliza ili upate nafasi, nakili folda ya sevu zake mahali pengine. Kwenye Witcher, Dragon Age: Origins na Baldur's Gate za zamani, folda hiyo ndiyo itakayomvusha mhusika wako au maamuzi yako kwenda gemu inayofuata.